Urea, SA, CAN au NPK: mbolea ya kununua kwa tangi la dakwidi Mtwara na Lindi

Mfuko wa urea una naitrojeni asilimia 46. Ukigawa bei kwa gramu za naitrojeni, hakuna mbolea nyingine kwenye duka la pembejeo inayousogelea, ndiyo maana wafugaji wa kuku, bata na perege wa huku kusini wakianza kuzalisha dakwidi, mmea wa majini wa kulishia mifugo, hukimbilia urea. Kwa shamba la mahindi hesabu hiyo haina ubishi. Kwa tangi la maji, tena maji ya kisima cha Mikindani au Lindi mjini, urea tunaipa nafasi ya tatu kati ya nne, na kosa lake haliko kwenye bei.

Dakwidi ni ule mmea unaoelea, jani lake limezidi kidogo tu punje ya ufuta, na mzizi wake mmoja unaning'inia kama uzi. Ana ndugu yake mkubwa, Spirodela, mwenye jani la ukubwa wa mbaazi, mizizi mingi na tumbo la rangi ya zambarau. Maelezo haya yanawahusu wote wawili. Azola ni mmea mwingine kabisa na tutauzungumzia kwa ufupi mbele, maana pesa nyingi ya mbolea hupotea huko bila sababu.

Vipimo vyote hapa ni vya tangi la turubai la mita 4 kwa mita 1, kina sentimita 25, yaani lita 1,000. Likitunzwa vizuri hutoa kama gramu 400 mbichi kwa siku. Mwenye bwawa kubwa azidishe, mwenye beseni agawe.

Kabla ya kuhukumu mifuko, tujue mmea wenyewe unataka nini. Dakwidi hustawi maji yakiwa na naitrojeni kati ya miligramu 5 na 20 kwa lita. Chini ya miligramu 2 inaishi lakini haiongezeki kwa kasi ya kuridhisha. Ukipanda hadi 30 au 40 hupati jani la ziada. Unalisha ule utando wa kijani unaoteleza ukutani mwa tangi. Na ukizidi hapo, kama naitrojeni hiyo ni ya amoniamu na maji yana chokaa, unaanza kuua.

Chanzo cha kifo hicho ni pH, yaani kipimo cha asidi ya maji: namba ikishuka maji yanachachuka, ikipanda asidi inapungua. Amoniamu ndani ya maji ina sura mbili: ile yenye chaji, ambayo mmea huila kwa raha, na amonia huru, gesi inayopenya ndani ya seli na kuiharibu. Maji yakiwa na joto la nyuzi 30, pH ikiwa 7, amonia huru haifiki hata asilimia 1 ya yote. pH ikipanda hadi 8 inakuwa asilimia 7 na nusu. Ikifika 9 ni karibu asilimia 45. Mbolea ileile na kipimo kilekile, ila sehemu yenye sumu imeongezeka zaidi ya mara hamsini. Sasa visima vingi vya pwani hii vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, mawe yaleyale yaliyojenga nyumba za kale za Mikindani, na maji yake yana chokaa tangu yanapochotwa. Ongeza utando wa kijani unaofyonza hewa ya ukaa mchana kutwa, na pH ya saa 9 alasiri itakuwa juu sana kuliko ile uliyopima saa 1 asubuhi. Pima alasiri. Kipimo cha asubuhi kinadanganya.

Tuanze na urea, kwa kuwa ndiyo wengi wanayo tayari. Inayeyuka yote, maji hubaki meupe kama yalivyokuwa, haina mabaki. Tatizo ni kwamba urea yenyewe bado si amoniamu. Lazima vijidudu vya ndani ya maji viivunje kwanza, na kwenye tangi jipya lililojazwa maji safi ya bomba vijidudu hivyo ni vichache, kwa hiyo kazi huchukua siku kadhaa. Hapo ndipo watu wanapoumia: wameweka gramu 40, siku ya tatu jani bado limepauka, wanaongeza 40 nyingine. Wenye kipimo cha amonia cha matone wanapima na kuona karibu sifuri, wanazidi kujiamini, kumbe kipimo hicho hakiioni urea mpaka ivunjike. Wiki ya pili yote inavunjika kwa pamoja. Kibaya zaidi, kuvunjika kwa urea kwenyewe hupandisha pH. Amoniamu imejaa na mlango wa sumu umefunguliwa siku hiyohiyo. Asubuhi jani lina kingo nyeupe, mizizi imekatika inaelea peke yake, na tangi linanuka choo.

Kwa hiyo urea si mbolea mbaya, ila inataka mtu mwenye subira na tangi lililokomaa, lenye tope kidogo chini na wiki tatu au nne za matumizi nyuma yake. Gramu 22 kwa lita 1,000 zinatoa miligramu 10 za naitrojeni kwa lita. Weka nusu, subiri siku nne, weka nusu iliyobaki. Mwenye haraka anunue kitu kingine.

SA (salfeti ya amonia), ile mbolea ya chenga nyeupe kama sukari, ina naitrojeni asilimia 21 tu, na mizani ya bei inaihukumu vibaya. Kwenye maji ya pwani tunaipa nafasi ya kwanza bila kusita. Naitrojeni yake ni amoniamu tangu inapogusa maji, mmea unaanza kula siku ileile, na kipimo chako kinaiona. Kila mmea unapokunywa amoniamu unaachia asidi kidogo, kwa hiyo SA inashusha pH taratibu badala ya kuipandisha. Halafu ina salfa asilimia 24, na salfa si pambo: ndiyo inayoingia kwenye methionini, asidi amino (tofali la kujengea protini) ambayo chakula cha kuku hukosa mara nyingi, na kwenye glutathioni, ambayo tutaikuta tukifika kwenye antioksidanti.

Kasoro yake ni hiyohiyo sifa yake ikizidi. Miligramu 20 za naitrojeni ya amoniamu zikiliwa zote, maji yamepoteza uwezo wa kuhimili asidi sawa na miligramu 70 za chokaa kwa kila lita. Kisima cha pwani kina akiba ya kutosha. Lakini ukipanda Newala au Tandahimba, ambako watu hutegemea maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, akiba hiyo karibu haipo. Wiki mbili za SA peke yake na pH iko chini ya 5, mizizi imekuwa vishina vifupi, jani linakataa kukua ingawa mbolea ipo tele. Makosa ya pwani na makosa ya uwanda wa juu hayafanani, na mwongozo ulioandikiwa sehemu moja utamwangusha mtu wa sehemu nyingine.

Huko juu ndiko CAN inapopata heshima yake. Ina naitrojeni kama asilimia 26, nusu amoniamu nusu naitreti (sura nyingine ya naitrojeni), na imechanganywa na unga wa chokaa unaozuia maji kuchachuka. Kwa tangi la maji ya mvua tunaiweka ya kwanza: gramu 38 kwa lita 1,000 kufikia miligramu 10. Usishtuke ukiona tope la kijivu limetua chini. Hiyo ndiyo chokaa, haina haja ya kuchujwa. Pwani tunaiweka ya mwisho, kwa sababu mbili. Ya kwanza, chokaa ya ziada haina kazi. Ya pili, dakwidi ikiwa na amoniamu na naitreti mezani hula amoniamu kwanza, maana naitreti inabidi ipikwe upya ndani ya mmea kwa nguvu nyingi za jua. Naitreti inabaki majini, na chini ya zulia zito la majani, kwenye tope lisilo na hewa, vijidudu huigeuza gesi na kuirusha. Umenunua naitrojeni ya kuipa hewa, ambayo tayari inayo asilimia 78.

Tena naitreti ikijaa kwenye jani ni hatari kwa mbuzi na ng'ombe kuliko kwa kuku. Mwenye kulisha mbuzi dakwidi ya CAN avune alasiri baada ya jua, si alfajiri, na asiwape nyingi kwa mkupuo.

NPK ya 17-17-17 ni ghali kwa gramu ya naitrojeni, lakini ndiyo mbolea tunayompa anayeanza. Gramu 59 kwa lita 1,000 zinaleta miligramu 10 za naitrojeni, fosforasi zaidi ya 4 na potasiamu 8. Hakuna kilichosahaulika. Punje zake haziyeyuki zote, kwa hiyo ziloweke usiku mzima kwenye ndoo, koroga, mimina maji ya juu na mashapo yatupe shambani. Ukiitumia peke yake kwa miezi, fosforasi inajilimbikiza na utando wa kijani unakushukuru.

DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi nyingi, ni kiungo, si ugali. Gramu 10 kwa tangi zinatosha kuleta miligramu 2 za fosforasi; anayeitumia kama chanzo cha naitrojeni anafuga utando.

Mchanganyiko tunaoupendekeza kwa pwani, kutoka Kilwa hadi Msimbati, ni huu: SA gramu 25 na NPK 17-17-17 gramu 30 kwa lita 1,000. Naitrojeni inakuwa kama miligramu 10, nusu kutoka kila mfuko, fosforasi 2 na kidogo, potasiamu 4. Hicho ni kipimo cha kuanzia tu. Baada ya hapo unalipa kile ulichovuna. Dakwidi mbichi ina kavu kama asilimia 6, na kavu hiyo ikilishwa vizuri ina naitrojeni kama asilimia 5, sawa na protini 31. Kwa hiyo kila kilo mbichi inayotoka kwenye tangi imeondoka na gramu 3 za naitrojeni. Kuzirudisha unahitaji SA gramu 14, au urea gramu 6 na nusu, au CAN gramu 11 na nusu, au NPK gramu 18. Andika mavuno ukutani kwa mkaa, jumla yake ya wiki ndiyo dozi yako. Kuna kinachopotea hewani na kwenye utando, kwa hiyo ongeza robo juu ya hesabu hiyo, usizidi.

Usinyunyize punje juu ya majani. Kila punje inapotua inaunguza tundu la majani yaliyokufa, na mtu anadhani ni wadudu. Yeyusha kwanza kwenye ndoo, sukuma majani kando kwa fito, mimina polepole upande mmoja na mwingine. Na majivu, hata yale ya vifuu vya nazi yenye potasiamu nzuri, yasikutane na SA wala urea kwenye tangi. Majivu hupandisha pH na amonia inaondoka kama gesi. Ukisikia macho yanawasha, hiyo ni pesa yako inapaa.

Jani lenyewe litakuambia kama dozi ni sawa. Chota kiganja kimoja, kitandaze kwenye sahani nyeupe yenye maji kidogo. Dakwidi yenye njaa ya naitrojeni hurefusha mzizi kutafuta chakula: ukivuka sentimita 3 au 4, hiyo ni njaa. Jani la mama linageuka njano kabla ya watoto wake, majani ni madogo, na Spirodela inazidi wekundu tumboni. Iliyoshiba ina mzizi wa sentimita 1 au 2, majani matatu hadi manne yameshikana, kijani cha mchicha. Iliyozidishiwa amoniamu ina mzizi mfupi mno au haina kabisa, majani yameachana yakielea moja moja, na kingo zimekuwa kama karatasi iliyolowa mafuta. Kuna hali moja inayowachanganya hata wazoefu: mama ni kijani, watoto wametoka njano hafifu. Hiyo si naitrojeni, ni upungufu wa madini ya chuma, ugonjwa wa kawaida wa maji ya chokaa. Busta ya majani yenye chuma itasaidia, lakini soma lebo: chuma kilichofungwa kwa EDTA hakidumu kwenye maji ya pH ya juu, cha EDDHA kinadumu. Kumwaga urea juu ya tatizo la chuma ni kumpa mtu mwenye kiu ugali.

Sasa antioksidanti, maana siku hizi unga wa dakwidi na azola unauzwa kwa sifa hiyo, na wanunuzi wanauliza. Mmea ukipigwa na jua kali, joto au sumu, ndani ya seli huzaliwa oksijeni kali inayounguza mafuta, protini na kila inachogusa. Antioksidanti ni zile kemikali zinazoizima. Tatizo la tangazo la "antioksidanti nyingi" ni kwamba jina hilo moja limebeba makundi yasiyokwenda pamoja, na naitrojeni huyavuta pande tofauti.

Kundi la kwanza hujengwa bila naitrojeni, kwa kaboni tupu: fenoli, flavonoidi na ule wekundu unaoitwa anthosianini. Mmea ukikosa naitrojeni hauwezi kutengeneza protini wala jani jipya, lakini jua bado linaupa sukari. Sukari hiyo inakwenda wapi? Sehemu inahifadhiwa kama wanga, sehemu inageuzwa fenoli na rangi. Ndiyo maana dakwidi yenye njaa ni nyekundu, ina wanga mwingi na ukiipima fenoli inaonekana bingwa, wakati protini yake imeshuka hadi asilimia 15 hivi au chini.

Kundi la pili linahitaji naitrojeni moja kwa moja au linaishi na vitu vinavyoihitaji. Luteini na beta-karotini hukaa pamoja na klorofili. Jani likipauka kwa njaa nazo zinapungua. Glutathioni ina naitrojeni na salfa ndani yake. Halafu kuna vimeng'enya vya kuzima moto, superoksidi dismutasi, katalasi na peroksidasi, ambavyo ni protini.

Kwa mfugaji wa kuku swali limekwisha. Kiini cha yai cha rangi ya machungwa kinatokana na luteini, na luteini inafuata kijani, si wekundu. Anayenyima tangi mbolea ili "kuongeza antioksidanti" anapata jani jekundu, protini nusu na kiini kilichopauka. Wekundu si ubora.

Na kuna kundi la tatu la matokeo, ambalo ndilo linalodanganya zaidi. Amoniamu ikizidi, mmea unajaribu kuitoa nje kwa nguvu, inarudi ndani, unaitoa tena, nguvu zinakwisha bure. Oksijeni kali inaongezeka, na vile vimeng'enya vinapanda ili kuizima. Mtu akipeleka jani hilo maabara ataambiwa shughuli ya antioksidanti iko juu. Ni kweli, kama joto la mwili linavyokuwa juu kwa mtu mwenye malaria. Siku chache baadaye vimeng'enya vyenyewe vinashindwa, mafuta ya kuta za seli yanaoza, jani linakuwa la kuonyesha mwanga. Kwa hiyo ukikuta unga unauzwa kwa cheti cha antioksidanti, muulize muuzaji mambo mawili: zipi, na protini ni asilimia ngapi. Akiwa na jibu la swali la kwanza bila la pili, ana jani lenye njaa au lenye homa.

Wapo wanaohamishia dakwidi iliyoshiba kwenye maji matupu siku tatu hadi tano kabla ya kuvuna. Mbinu hiyo inapunguza naitreti kwenye jani na kuongeza wanga na fenoli, kwa gharama ya protini. Kwa lishe ya mbuzi ina maana. Kwa kuku na perege hatuoni faida yake.

Mavuno mazuri huharibiwa zaidi na ukaushaji kuliko na mbolea. Beta-karotini haivumilii jua. Tandaza unene wa sentimita 1 juu ya neti chini ya banda la makuti, upepo upite juu na chini, geuza mara tatu siku ya kwanza. Ikikaushwa juani juu ya bati inakauka haraka na kupauka vilevile haraka, na kazi yote ya kupima gramu za SA imeungua nayo.

Azola, kama tulivyoahidi. Ndani ya jani lake anaishi kijidudu, Nostoc azollae, anayevuta naitrojeni kutoka hewani na kumlisha mwenyeji wake. Ukimwekea urea anapunguza kazi, na wewe umenunua alichokuwa anakupa bure. Azola inataka fosforasi, na wekundu wake mara nyingi ni kilio cha fosforasi au jua kali. Mfugaji mwenye tangi la azola pekee hana sababu ya kununua hata moja kati ya mbolea hizi nne. TSP kidogo (mbolea ya fosforasi isiyo na naitrojeni) na kivuli vinamtosha.

Vifaa vya kupimia vinastahili neno. Kalamu ya TDS, inayopatikana kirahisi, haina kazi hapa: inahesabu chumvi zote pamoja, na kwenye kisima cha pwani itasoma mamia hata kabla hujaweka mbolea. Vijiti vya kuchovya vya samaki wa mapambo vinafaa kwa pH, ila vingi havina amonia kabisa, soma kopo kabla ya kulipa. Kipimo cha matone cha amonia ndicho kitu cha kununua. Vingi vinaishia miligramu 8, kwa hiyo changanya sehemu 1 ya maji ya tangi na sehemu 9 za maji ya mvua, pima, zidisha kwa 10. Kwenye naitreti angalia kipimo kinasoma nini: vingine husoma naitreti nzima, vingine naitrojeni iliyomo tu, na tofauti yake ni mara 4.4. Watu wawili wenye maji yaleyale wamewahi kubishana kwa sababu ya herufi moja kwenye lebo.

Ununuzi wenyewe. Mbolea zote hizi hupatikana kwa mifuko ya kilo 50 na ile midogo, na waliosajiliwa hupata bei ya mpango wa ruzuku ulioanza msimu wa 2022/2023. Kwa tangi moja kilo 50 ni mzigo wa miaka. Gawaneni watu kadhaa. Mbolea ya kupima kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa ina shida ya unyevu wa pwani: urea inashikana mabonge, na ni rahisi kuuziwa isiyo yenyewe. Nenda na ndimu. Kamua matone mawili juu ya punje iliyopondwa: CAN inatoa mapovu kwa sababu ya chokaa yake, urea na SA hazitoi. SA ipondeponde na chokaa yenye maji kwenye kifuniko cha kopo, harufu kali ya amonia ije papo hapo. Isipokuja, hiyo inaweza kuwa chumvi. Urea nzuri ikiyeyushwa kwenye chupa ya maji haibakishi mchanga. Usihifadhi urea na CAN kwenye ndoo moja, zikikutana zinavuta maji na kuwa uji.

Huku kwetu kuna hatari moja ya ziada. Duka linalouza mbolea ndilo linalouza salfa ya kupulizia mikorosho na viuatilifu vyake, na mara nyingi kopo la kupimia ni moja. Kataa. Nenda na kopo lako. Mifuko mitupu ya viuatilifu isifunikie tangi wala isibebe mavuno. Na ile salfa ya unga wa njano si mbadala wa salfa ya SA: mmea hauwezi kuinywa ilivyo, inakaa chini ikigeuka asidi polepole. Msimu wa kupuliza, tangi lililo karibu na mikorosho lifunikwe siku ya kazi.

Asiyetaka kutuamini kuhusu dozi ana njia ya wiki moja. Yeyusha SA gramu 48 kwenye lita moja ya maji. Kila mililita 1 ya maji hayo ikiwekwa kwenye ndoo ya lita 10 inaongeza miligramu 1 ya naitrojeni kwa lita, na bomba la sindano la duka la dawa linapima vizuri kabisa. Chukua ndoo nne nyeupe zenye maji ya kisima chako, kila moja lita 10, kila moja iongezewe mililita 10 za maji ya DAP (gramu 10 kwa lita) ili fosforasi isiwe kisingizio. Ya kwanza usiweke SA, ya pili weka mililita 5, ya tatu 10, ya nne 40. Tia dakwidi gramu 5 katika kila ndoo, ikiwa imechuruzika kwenye neti dakika tano kabla ya kupimwa. Ziweke chini ya kivuli kimoja cha makuti, ongeza maji yanayokauka kila jioni, na siku ya saba chuja na upime vilevile. Kwenye hali nzuri dakwidi hujizidisha mara mbili kila siku mbili hadi nne, kwa hiyo ndoo bora inapaswa kukaribia gramu 20 au kuzizidi. Pima pia urefu wa mizizi kumi na pH ya saa 9 alasiri ya siku ya tatu. Kama ndoo ya nne imeshinda ya tatu, maji yako ni laini, yaani yana chokaa kidogo, na unaweza kupandisha dozi. Kama imeshindwa hata na ya pili, una maji ya chokaa na hukumu yetu juu ya vipimo vidogo inakuhusu.

Mambo mawili yanaharibu hesabu yoyote ya mbolea. Kusi likivuma linasukuma majani yote kona moja. Yanalaliana, ya chini yanaoza na kurudisha amonia majini. Gawa uso wa tangi kwa fito za mianzi zinazoelea, visanduku vya mita moja. Na mvua ya kati ya Desemba na Aprili: milimita 100 zikishuka juu ya tangi la sentimita 25 lililojaa, zaidi ya robo ya mbolea imemwagika nje. Toboa njia ya kufurikia upande mmoja, ifunge neti ili majani yasiondoke, na baada ya mvua kubwa pima amonia kabla ya kuongeza chochote.

Maji ya tangi hili yasimwagwe kwenye bwawa la perege. Perege huanza kupunguza kula amonia huru ikifika miligramu 0.08 kwa lita, na akikaa muda mrefu kwenye 0.2 anaanza kufa, wakati dakwidi kwenye kiwango hicho haijahisi lolote. Wapelekee jani lililosuuzwa, maji yapeleke kwenye migomba.